Uswisi askari anaenda nyumbani na bunduki ya jeshi, inakaa kabatini. Mbona hawauani?

#1 Kifaru Mpole
Wakuu, kwema?

Niko Zürich kikazi. Jumatatu asubuhi stesheni kuu nimekuta vijana wamejaa na kombati, kila mmoja bunduki begani, wanatafuna mikate yao na hakuna raia anayegeuka kutazama. Bibi mmoja akamwomba mmoja wao ampandishie sanduku kwenye behewa. Dogo akaisukuma bunduki mgongoni, akapandisha sanduku, maisha yakaendelea. Aliyekuwa anahema ni mimi peke yangu.

Mwenyeji wangu kaniambia hao wanaripoti kambini kwa mafunzo ya kila mwaka, na bunduki wametoka nayo nyumbani. Ukimaliza depo, yaani mafunzo ya awali ya uaskari, unaondoka nayo, inakaa kwako mpaka umalize utumishi, miaka kumi hivi, kabatini pamoja na makoti ya baridi.

Kwetu mgambo akishika rungu tu watu tunakimbia na beseni za nyanya. Hawa wamegawa silaha za kivita kwa vijana wa miaka ishirini na nchi imetulia. Kwangu mimi ni ustaarabu, basi. Wametuzidi nidhamu. Anayepinga aje na hoja.

#2 Gobole la Babu
Nimekaa mbele kabisa. Karanga ninazo.

#3 Dada Takwimu
Tuweke msingi kwanza, maana najua uzi huu unakoelekea.

Katiba yao ibara ya 58 inasema jeshi kimsingi ni la raia, siyo la walioajiriwa. Askari wa kudumu wapo wachache tu. Kila mwanaume raia aliye fiti anaitwa, wanawake ni kwa hiari. Depo ni wiki 18, halafu anaitwa wiki tatu kila mwaka mpaka atimize siku 245 kama ni askari wa kawaida. Bunduki ni Stgw 90, ambayo kiwandani inaitwa SIG 550, risasi za 5.6 mm, na inamimina risasi mfululizo. Baadhi ya maofisa wanapewa bastola.

Sasa jambo ambalo mleta uzi hakuambiwa: bunduki iko nyumbani, risasi za jeshi haziko. Zamani kila askari alikuwa na bati lililofungwa kwa lakiri, ndani risasi 50, marufuku kulifungua mpaka vita. Mwaka 2007 waliamua zirudishwe, na kufikia 2011 karibu zote zilikuwa zimekusanywa.

#4 Kifaru Mpole
Kwa hiyo wale pale stesheni walibeba chuma kitupu?

#5 Dada Takwimu
Ndiyo.

#6 Gobole la Babu
Na wewe ukahema mbele ya chuma kitupu 😂😂 Mkuu rudi Tabata.

#7 Mama Wawili Winterthur
Mimi nina hiyo bunduki ndani ya nyumba, kwa hiyo niseme tu ilivyo.

Mwanangu wa kwanza kazaliwa huku, raia wa huku, depo kamaliza. Siku aliyokuja nayo nilimwambia hicho kitu hakilali chumba kimoja na mdogo wake. Akacheka, akaichomoa bolti, kile kipande cha ndani ambacho bila hicho bunduki haifyatui, mbele yangu, akaifungia kwenye kisanduku cha chuma ninachowekea vyeti vya kuzaliwa. Ndivyo wanavyofundishwa, bolti kwake na bunduki kwake, kila kimoja kimefungiwa. Ufunguo anao yeye. Cheti changu cha ndoa nikikitaka leo lazima nimsubiri atoke chuo.

Kabla hawajampa walimchunguza, ana kesi gani, ana ugomvi gani, yuko sawa kichwani au la. Na kila mwaka kabla ya Agosti kuisha lazima aende kupiga shabaha mita 300, risasi 20. Risasi anapewa palepale, anazimalizia palepale, mzee wa klabu amesimama nyuma yake. Pointi kamili ni 85, asipofika 42 anarudia, na akizidi kukosa anaitwa kozi. Usipojitokeza wanakuandama kama kodi.

Kaka Kifaru, nimeishi huku muda mrefu na sijaona kwamba watu hawa wamezaliwa wapole. Ninachoona ni kwamba kijiji kizima kinajua mwanangu ana bunduki namba fulani. Wale wazee wa shabaha wanamjua, wanajua na mimi naitwa nani. Akibadilika tabia watu wataanza kuulizana.

Kero yangu ni mafuta yake tu. Anasafisha juu ya meza ya chakula, katandika magazeti, na mimi nina pilau jikoni.

#8 Kifaru Mpole
Shukrani mama. Lakini kijiji kizima kukuchunga si ndiyo ustaarabu wenyewe?

#9 Gobole la Babu
Kwetu kijiji kizima kinajua nani ana gobole. Kinanyamaza tu.

#10 Mjeda Mstaafu
Nimesoma kwa utulivu. Wote mnaongelea tabia, hamjauliza bunduki ilipelekwa nyumbani KWA NINI.

Ilikuwa hesabu ya muda. Nchi ndogo, imezungukwa na wakubwa, haina fedha ya kuweka jeshi kubwa kambini mwaka mzima. Ukiwa na maghala machache, adui anayapiga usiku wa kwanza na jeshi lako limekwisha. Ukitawanya bunduki kila nyumba, mkulima anaamka, anavaa, anakwenda kituo chake cha kuripoti, na njiani akikutana na adui ana cha kumjibu. Lile bati la risasi 50 lilikuwa la safari hiyo.

Julai 1940 Ufaransa imeshaanguka, Jenerali Henri Guisan akawakusanya makamanda wake kwenye uwanda wa Rütli, tarehe 25, akawaambia tunajikita milimani na hatusalimu amri. Enzi za vita baridi walifika zaidi ya laki sita kwenye orodha, nchi ya watu wasiozidi milioni saba. Huwezi kuwalaza watu hao wote kambini.

Sisi jambo hilo halikuwa geni. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka wananchi wafundishwe ulinzi, na vita vya Kagera 1978 na 1979 mgambo walikwenda mstari wa mbele kwa maelfu. Ila mafunzo yakiisha silaha inahesabiwa na kurudi ghalani. Mimi nimewahi kuona kikosi kizima kinakosa usingizi kwa sababu ya magazini moja. Kuilaza bunduki uraiani? Thubutu!

#11 Mpiga Ramli
Mzee shikamoo. Nakubali historia, ila umeiruka Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati ule, walipoasi, serikali ilijifunza somo moja: bunduki ikae tunakoiona. Serikali nyingi za Afrika zimejifunza hivyo, na siyo bila sababu.

Uswisi mwananchi anaitwa kupiga kura za maamuzi mara nne kwa mwaka. Akichukia sheria anakusanya saini, inapigiwa kura. Aondoe bunduki kabatini ya nini? Tusiangalie raia ana nidhamu kiasi gani. Tuangalie serikali inamwogopa raia kiasi gani.

#12 Mjeda Mstaafu
Marahaba. Hapo umeongea siasa, mimi nimeongea lojistiki.

#13 Kifaru Mpole
Mpiga Ramli umenipa pointi. Ustaarabu.

#14 Mpiga Ramli
Sijakupa chochote.

#15 Bwana Shamba Mbozi
Hamjataja hela, nashangaa. Kijana akiwa kambini analipwa fidia, asilimia 80 ya mshahara wake. Ana kazi, ana bima, ana kodi ya nyumba anayoilinda. Mtu wa hivyo ukimpa bunduki ataiweka uvunguni aisahau. Mpe huyohuyo njaa halafu tuje kuongea ustaarabu.

#16 Mswahili wa Geneva
Mnasifia sana. Mmesahau Zug 2001? Mjeda aliingia kwenye bunge la kantoni (kama mkoa kwetu) na bunduki yake ya jeshi akaua watu 14, naye akajimaliza.

#17 Dada Takwimu
@Mswahili tarehe ni 27 Septemba 2001 na watu 14 ni kweli, viongozi na wabunge wa kantoni. Lakini Friedrich Leibacher hakuwa askari aliye kazini na bunduki haikuwa ya jeshi. Alikuwa na toleo la kiraia la bunduki hiyohiyo, alinunua mwenyewe, na silaha nyingine juu yake. Alikuwa na kisa cha miaka na mamlaka, kilichoanzia kwenye ugomvi na dereva wa basi.

Ukitaka mfano wa silaha ya jeshi chukua Aprili 2006: Corinne Rey-Bellet, aliyekuwa bingwa wa kuteleza kwenye theluji, yeye na kaka yake waliuawa na mumewe, kwa bastola ya jeshi ambayo mume aliiweka nyumbani kihalali. Hapo ndipo mjadala wa risasi uliposhika moto. Halafu Novemba 2007, Zürich, kijana aliyemaliza depo siku hiyohiyo alimpiga risasi binti wa miaka 16 aliyekuwa anasubiri basi. Hawakujuana.

#18 Mswahili wa Geneva
Sawa mwalimu. Toleo la kiraia. Waliokufa wamefurahi kusikia.

#19 Dada Takwimu
Ukweli unabaki ukweli hata ukinuna 🙂 Tena huyo wa 2007 hakutumia bati la nyumbani. Risasi aliiba huko huko kwenye mafunzo. Kwa hiyo kila upande ulimtumia kwenye hoja yake.

#20 Mswahili wa Geneva
Basi niwape lenye uzito, maana nimefanya kazi hospitali huku. Swali la mleta uzi ni “mbona hawauani”. Wengi wanaokufa kwa bunduki Uswisi hawauawi na mtu, wanajiua. Kijana kaachwa na mchumba, au mzee kafukuzwa kazi, saa nane usiku, na kitu kiko kabatini. Hilo halipigi kelele, hatuoni polisi wala mkanda wa njano, ndiyo maana mgeni wa wiki moja anaona amani.

Ushahidi upo. Jeshi lilipopunguzwa karibu nusu kwenye mageuzi ya 2003, bunduki nyingi zilitoka majumbani kwa mpigo. Utafiti uliochapishwa 2013 uliwaangalia wanaume wa miaka 18 hadi 43: kujiua kulipungua, na waliohamia njia nyingine walikuwa kama asilimia 22 tu. Waliobaki walipona kwa sababu kitu hakikuwepo karibu saa ile. Israeli nao mwaka 2006 waliwaambia askari waache bunduki kambini wikiendi. Vifo vya namna hiyo jeshini vikashuka kwa asilimia 40, hasa vya wikiendi.

#21 Mama Wawili Winterthur
Hili la Mswahili ni la kweli na nililijua nikawa sitaki kuliandika. Nimemwuliza mwanangu jana, ukianza kujisikia vibaya utaniambia? Kasema ndiyo. Tangu 2010 anayetaka anairudisha ghalani bure na haulizwi sababu. Nimemwambia ajue mlango huo upo.

#22 Kifaru Mpole
Pole mama. Hapo sina la kusema.

#23 Mwana wa Kerio
Habari zenu majirani, Kenya hapa, Bonde la Kerio. Mnaongea kana kwamba raia kukaa na bunduki ya serikali ni mambo ya Ulaya. Huku tumekaa nayo miaka mingi. Tunawaita rizavu, polisi wa akiba wanaotoka kijijini.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Mchunga mbuzi wa kawaida, wazee wa kijiji walimpendekeza, akapewa bunduki ya G3 na risasi za kuhesabu. Akifyatua, lazima apeleke maganda na maelezo. Usiku ililala kando yake na risasi NDANI, siyo hiyo mambo ya bolti kwa kisanduku. Ungefungia bolti, wezi wa mifugo wangefika ukitafuta ufunguo. Mshahara hakuna, hata ndururu. Kuna wakati shangazi aliuza mbuzi amnunulie viatu vya kazi ya serikali.

Mwaka 2019 serikali ikakusanya bunduki za rizavu kaunti kadhaa, kwa sababu wengine walikuwa wanazitumia vibaya, na siwatetei. Lakini waliokuwa na AK za magendo ng’ambo ya mto hawakurudisha yao. Tulibaki na rungu, na ng’ombe wakaenda. 2023 wakaanza kuandikisha rizavu upya.

Kwa hivyo Kifaru, mjomba wangu hakuwa na nidhamu kidogo kuliko huyo kijana wako wa stesheni. Alikuwa na jirani mwenye bunduki. Mswisi akiamka ng’ambo ya mlima kuna nani? Muitaliano na aiskrimu.

#24 Gobole la Babu
Muitaliano na aiskrimu 😂😂😂 mtani wa Kenya umenivunja mbavu.

#25 Bwana Shamba Mbozi
Kerio amemaliza. Rizavu asiyelipwa na mwenye njaa. Nilisema hela.

#26 Mwana wa Kerio
Hapana ndugu. Walipoanza kupewa marupurupu kidogo bado bunduki ilifyatuliwa. Ni hofu, si hela tu.

#27 Mpiga Ramli
Na hofu inaletwa na serikali kutofika. Tunarudi palepale.

#28 Mjeda Mstaafu
Kerio, swali la kiufundi. Huyo mjomba alifundishwa muda gani kabla ya kupewa?

#29 Mwana wa Kerio
Wiki chache, mzee. Kulenga alijulia porini.

#30 Mjeda Mstaafu
Basi hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike. Wiki 18 za depo, na kila mwaka anarudi chini ya afande. Anayeipeleka silaha nyumbani kule ameshavunjwa na kuundwa upya kama askari.

#31 Mswahili wa Geneva
Mzee, yule wa 2007 alikuwa ametoka kumaliza hizo wiki zote SIKU ILE.

#32 Mjeda Mstaafu
Mmoja.

#33 Mswahili wa Geneva
Mwambie mama wa yule binti kuwa ni mmoja.

#34 Mtoto wa Pangani
Jamani taratibu. Swali dogo: Marekani nao wana bunduki nyumbani, mbona kule ni vilio kila wiki? Au tofauti ni hiyo bolti?

#35 Dada Takwimu
Kwanza wingi. Makadirio ya 2017 ni bunduki 120 za kiraia kwa kila watu 100 Marekani, Uswisi kama 28. Pili kubeba. Uswisi kuwa na bunduki nyumbani na kutembea nayo ikiwa na risasi ni mambo mawili mbalimbali, kibali cha kutembea nayo raia wa kawaida hapewi kirahisi. Tatu, Marekani bunduki ni haki ya mtu binafsi. Hii ya Uswisi ni mali ya jeshi, umeazimwa.

Na wenyewe hawakubaliani. Februari 2011 walipiga kura kama silaha za jeshi zihamie maghalani. Asilimia 56.3 wakakataa. Geneva, Basel mjini na Zürich walitaka ziondoke, vijijini wakasema acheni zilipo. Mei 2019 wakaulizwa kuhusu masharti makali ya Umoja wa Ulaya, safari hii asilimia 63.7 wakakubali, kwa sababu kukataa kungewaweka pabaya na Schengen, mkataba wa nchi za Ulaya wa kuvuka mipaka bila ukaguzi. Lakini askari anayebaki na bunduki yake baada ya utumishi aliachiwa mlango wake.

#36 Kifaru Mpole
Kumbe unaweza kubaki nayo kabisa?

#37 Dada Takwimu
Ukimaliza utumishi, ukiwa umehudhuria shabaha za kutosha miaka ya mwisho na una kibali cha silaha, unalipa faranga 100 ni yako. Wanaifunga kwanza isiweze kumimina, inapiga moja moja.

#38 Gobole la Babu
Faranga mia?! Wakuu mimi nina ngedere Handeni wamemaliza mahindi misimu miwili. Mama Winterthur, nakuja kuoa huko.

#39 Mama Wawili Winterthur
Njoo na mahari na upige kwanza shabaha mita 300. Ukikosa tunakurudisha kwa ngedere wako.

#40 Bwana Shamba Mbozi
Ngedere usihangaike na bunduki. Pilipili kali, saga, changanya na oili chafu, paka kamba kuzunguka shamba.

#41 Gobole la Babu
Nilipaka. Wakaja na ngedere mkubwa zaidi.

#42 Mtoto wa Pangani
Mama, huyo kijana wako akija Tanga likizo anaruhusiwa kuja nayo? 😅 Na je, uraia wa kwetu kaukana?

#43 Mama Wawili Winterthur
Kuja nayo! Anaripoti kabla ya kusafiri muda mrefu na inarudi ghalani. Uraia usinikumbushe, mwanangu anaingia kwao kwa viza kama mtalii.

#44 Mpiga Ramli
Ndiyo maana tunadai uraia pacha. Hiyo hadhi maalumu wanayopewa Watanzania waliochukua uraia wa nje haitoshi.

#45 Msimamizi wa Jukwaa
Uraia pacha una uzi wake, tafadhali. Na kwa yeyote aliyeguswa na #20: usikae nalo peke yako, zungumza na mtu unayemwamini au nenda kituo cha afya.

#46 Kifaru Mpole
Asanteni wote. Bado nasimama na ustaarabu, ila nimepunguza sauti. Swali moja limebaki: asiyetaka bunduki kabisa, dini yake au roho yake inakataa, anafanywaje?

#47 Mswahili wa Geneva
Zamani alifungwa jela. Tangu 1996 kuna utumishi wa kiraia, siku mara moja na nusu ya za jeshi. Wengi wanakuja wodini kwetu, wanasukuma vitanda na kulisha wazee. Asiyetumikia kokote, kwa mfano asiye fiti, analipa asilimia 3 ya kipato kila mwaka, na kima cha chini ni faranga 400.

#48 Bwana Shamba Mbozi
Si nilisema hela?

#49 Mjeda Mstaafu
Hata usukume kitanda bado uko kwenye orodha. Ndiyo mfumo.

#50 Mwana wa Kerio
Huyo wa kusukuma vitanda mtutumie wawili huku zahanati yetu. Bunduki tunazo.